Chiriku wa Kisiwani, Mwaka Ziwa Lilipomeza Nyasi

Ndege wa kwanza niliyemshika mwaka ule hakuwa na nyama kifuani. Nilimlaza chali kiganjani, nikapuliza manyoya ya kidari yafunguke, na badala ya ngozi nyekundu iliyojaa nikauona mfupa umesimama kama ukingo wa kisu. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye jiwe, daftari magotini, akisubiri nimsomee vipimo.

"Vipi?" akauliza.

"Amekonda."

"Niandike nini?"

"Andika amekonda."

Nikampima mdomo, urefu na unene, nikamtajia rangi za pete zilizokuwa mguuni, kisha nikafungua vidole. Chiriku mwenye afya ukimwachia anapotea kabla hujashusha mkono. Huyu aliruka hatua chache, akatua kwenye tawi la mkole, akafumba macho. Tuliendelea na kazi na yeye akabaki pale pale mbele yetu, kama mtu aliyechoka kukimbia.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, na nyumbani kwetu ni Mkolani. Kwa miaka mingi, kila likizo na Jumamosi moja moja, nilikuwa nikivuka kwenda kisiwa kimoja kidogo cha mawe ziwani kupima ndege hao. Hakuna aliyenituma wala aliyenilipa. Nilipokuwa chuoni nilimsaidia mwalimu wangu mzee, ambaye aliianza kazi hiyo kwa mapenzi yake tu, na alipougua kwa mara ya mwisho alinikabidhi madaftari, nyavu, makopo ya pete za rangi, na kile kipimo cha chuma cha kupimia midomo. Akanipa na sharti. Nisiwape chakula, nisiwatibu, nisiwahamishe.

"Wewe kazi yako ni kutazama," aliniambia. Sauti yake ilikuwa imeshakauka. "Ukiingiza mkono wako, hutajua tena kipi kimefanywa na kisiwa na kipi umefanya wewe."

Kisiwa chenyewe wavuvi wana jina lao wanalokiita, nami sitaliandika hapa. Hakuna anayeishi pale. Ukishuka mtumbwini unaweza kukizunguka chote na kurudi chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa. Katikati ni mawe makubwa yamepandana, kama yale ya vilima vya Ilemela, na kwenye nyufa za mawe imeota mikole. Pembeni, kuzunguka maji, palikuwa na ukanda wa nyasi ndefu zenye mbegu laini. Nasema palikuwa.

Chiriku wa bara, wale unaowaona vichakani kandokando ya ziwa, wana midomo myembamba inayofanana. Wa kisiwani hawakufanana. Wengine walikuwa na midomo myembamba, nao walishinda kwenye nyasi za chini. Wengine walikuwa na midomo minene, mifupi, yenye nguvu ya kupasua kokwa ya mkole, ambayo mimi mwenyewe siwezi kuipasua kwa jino. Mara nyingi mwenye mdomo mnene alizaa watoto wenye midomo minene. Hilo nilikuwa nimelithibitisha kwa pete, kizazi baada ya kizazi. Tena walikuwa wavivu wa kuruka, mabawa yao mafupi kuliko ya wenzao wa bara. Mwalimu wangu mzee aliniambia sababu. Kwenye kisiwa kidogo kama kile, ndege anayependa kuruka mbali siku moja upepo humbeba akaangukia majini, au hufika ng'ambo asirudi. Wanaobaki kuzaa ni wale wasiopenda kuondoka. Ukirudia hivyo kwa miaka isiyohesabika, unapata ndege ambaye ziwa limekuwa ukuta kwake.

Darasani nilikuwa nalifundisha somo hili vizuri. Naweza kusema hivyo bila kujisifu, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakitoka hata shule nyingine kuja kukopi notisi zangu. Niliwaambia ndege habadilishi mdomo kwa kuhangaika. Aliyezaliwa na mdomo mwembamba atakufa nao. Wenye umbo lisilofaa hufa wengi kabla hawajazaa, wenye umbo linalofaa wakabaki, na watoto wanaofuata wakafanana na waliobaki. Basi. Hiyo ndiyo kuchaguliwa na asili. Kila mwaka palikuwa na mwanafunzi aliyenyoosha mkono na kuuliza, "Sasa mwalimu, anayechagua ni nani?" Nami nilijibu kwamba hakuna. Darasa lilikuwa halilipendi jibu hilo. Mimi nililipenda, nililiona safi.

Mvua za mwaka ule zilikataa kuacha. Ziwa lilipanda pole pole, kila juma kidogo, mpaka watu wa mwaloni pale tulipokuwa tunaegesha mtumbwi wakahamisha vibanda vyao mara mbili. Mume wangu ni fundi wa mashine za mitumbwi, kwao ni ufukweni huko upande wa Mara, na banda lake la kazi pale mwaloni nalo liliingia maji hadi magotini. Nilipovuka kisiwani baada ya kusahihisha mitihani, mtumbwi ulipita juu ya mahali nilipozoea kusimika nyavu. Nikainama nikachungulia. Nyasi zilikuwa chini ya maji, zimelala upande mmoja, zimeshakuwa za kahawia.

"Watahamia ng'ambo," mume wangu alisema, akazima mashine.

"Hawa hawavuki."

"Wakiona njaa watavuka."

Ndiyo siku ile nilipomshika yule wa kwanza aliyekonda, na wengine saba wa hali hiyo hiyo. Wenye midomo minene walikuwa wanapasua kokwa kwenye mikole, tunawasikia, ka, ka, ka. Wenye midomo myembamba walikuwa wanaparua chini ya mikole wakitafuta vipande vilivyoanguka. Mmoja nilimtazama kwa muda mrefu. Aliokota kokwa nzima, akaigeuza mdomoni, akaibana, ikamponyoka. Akaiokota tena. Alirudia mpaka nikaondoa macho.

Nyumbani nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka saba. Kabla yake tulikuwa na mwingine, wa kiume, aliyefariki akiwa na mwaka na miezi. Alishikwa na homa, akavimba vidole, akapauka, na tulimzika tukiamini ni malaria. Alipozaliwa binti na yeye akaanza kuvimba vidole, ndipo alipopimwa damu, tukaambiwa ni selimundu. Chembe zake nyekundu za damu hazikai na umbo la mviringo. Hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, na sehemu ile ikakosa damu, ikauma. Mtoto anaweza kulia kwa maumivu ya mfupa mpaka sauti ikaisha, wewe umekaa pembeni na kitambaa cha moto mkononi.

Baridi humwamshia maumivu. Mwaka wa mvua zile alikuwa hamalizi majuma mawili bila kulala kitandani. Nilikuwa nikitoka shuleni, nakuta amejikunja amekumbatia magoti, na swali lake la kwanza linahusu ndege. Alikuwa anawafahamu kwa pete, maana zile pete za rangi alikuwa akinipangia yeye, mbili mbili, kwenye uzi.

"Nyekundu na nyeupe umemwona?"

"Nimemwona."

"Amenenepa?"

"Kunywa maji kwanza."

Akanywa. Nilikuwa namlazimisha kunywa maji mengi, ndiyo dawa ya kwanza. Akafuta mdomo.

"Mama, si uwapelekee mtama?"

"Hairuhusiwi."

"Amekataza nani?"

"Mwalimu wangu."

"Si ulisema alishakufa?"

Baba yake alikuwa mlangoni anavua viatu vilivyojaa tope. Akacheka kidogo, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Safari iliyofuata nikaanza kuokota maiti. Zilikuwa kwenye nyufa za mawe, walikoingia kujikinga na mvua, wepesi kama pumba. Niliwaweka kwenye mfuko wa nailoni, na baadaye, nimekaa juu ya jiwe lililolowa, nikawapima mmoja mmoja. Mdomo mwembamba. Mdomo mwembamba. Mdomo mwembamba. Mume wangu akiandika bila kuuliza kitu. Palikuwa na mmoja tu aliyekuwa na mdomo wa kati na kati. Nilijua ninachokiona. Mwalimu wangu alikivizia kitu hiki maisha yake yote kikampita, na mimi nilikuwa nimekishika mikononi ndani ya mfuko wa nailoni. Nilitakiwa nifurahi. Nilikwenda kutapika nyuma ya mawe.

Binti yangu alidondosha kijiko asubuhi ya Jumanne. Nakumbuka ni Jumanne kwa sababu nilikuwa na vipindi viwili vya kwanza na nilikuwa namharakisha. Uji ulikuwa mezani. Kijiko kikaanguka, nikamwambia aokote. Akakitazama tu. Nikamwambia tena, kwa ukali. Akageuza uso kunitazama, na upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka, uji unachuruzika. Alitaka kusema "mama" ikatoka sauti ya mtoto anayejifunza kuongea.

Baba yake alimbeba akakimbia naye mpaka barabarani. Jirani mwenye gari akatuchukua. Njia nzima nilikuwa nimeushika ule mkono wake wa kulia, nikiubinya, nikimwambia anibinye na yeye, na hakuna kilichonibinya.

Wodini walimpima, wakaanza kutafuta damu ya kumbadilishia. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, na alitusimamisha ukutani akaanza kutueleza kwa lugha rahisi. Akachora duara, akachora mundu. Akachora baba na mama, kila mmoja amepakwa nusu. "Nyie wawili hamuumwi," alisema, "kwa sababu kila mmoja ana kinasaba kimoja tu cha ugonjwa. Ila kila mimba mnayopata, kwa robo ya bahati, mtoto anachukua kwa baba na kwa mama, vyote viwili." Akanitazama. "Mama, tunaelewana?"

"Mimi ni mwalimu wa baiolojia," nikasema.

Alishusha kalamu. "Basi nisamehe."

"Endelea tu," nikamwambia. "Mwenzangu hajui."

Akaendelea. Mimi nilikuwa namtazama mume wangu anavyotazama zile nusu mbili, na nilijua swali linalomjia, kwa sababu ni lile lile. Kitu kibaya hivi kwa nini hakikuisha duniani, kama wenye nacho wanakufa wakiwa watoto? Nililiuliza swali hilo kwenye mitihani mara kadhaa, alama tano. Jibu ni kwamba mwenye nusu huwa mgumu kuuawa na malaria. Kwenye nchi zenye mbu, kama hii yetu ya ziwani, malaria iliwafyeka wasio nacho na ikawaacha wengi wenye nusu, wakazaa. Watoto wanaochukua viwili ndio wanaolipia kinga ya wengine. Asili haimjali mtoto wa nani. Alama tano.

Mama mkwe wangu alifika siku ya pili kutoka Mara, amevaa kitenge cha kanisani. Nikapiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?"

Akamtazama mjukuu kwa muda, akamshika miguu, akaomba kwa Kijita kwa sauti ya chini. Halafu tukatoka kukaa kwenye benchi la nje, mimi na yeye, mwanawe amebaki ndani.

"Nitakuuliza, na usikasirike," alisema. "Kwenu kuna ugonjwa huu?"

"Mama, unatoka pande zote mbili."

"Sisi kwetu hakuna."

"Upo. Usingekuwepo kwa baba yake, mtoto asingeumwa hivi."

"Nimezaa watoto tisa," alisema. "Sijapata kuona mtoto aliyepinda mdomo."

Nilikuwa sijalala siku mbili. Nilimjibu vibaya, kama mtu anayetaka kushinda. "Na walibaki wangapi?"

Mbele yetu watu walikuwa wanapita na mabeseni na vyombo vya chakula. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

"Watatu walikufa," alisema mwishowe. "Wa pili, wa tano na wa mwisho. Wa tano alivimba vidole. Mama yangu alisema ni jicho la mtu, tukamfunga dawa kwenye viganja. Alilia siku nne." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Wa mwisho naye alivimba. Nilishasahau kwamba alivimba."

Nikamshika mkono. Nilitaka kumwomba msamaha nisijue nianzie wapi. Badala yake nikaanza kumweleza kwa nini, taratibu, kuhusu malaria na ile nusu. Sijui ni kwa nini niliona hilo ni la kumliwaza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huyu mwanangu," akaonyesha kwa kichwa kule wodini, "malaria haikumchukua akiwa mdogo kwa sababu ya kitu hiki."

"Inawezekana, mama."

"Na kitu hiki ndicho kilichowachukua wadogo zake. Na mjukuu wangu. Na huyu wa sasa kinamtaka."

"Ndiyo."

"Na wewe unawafundisha watoto wa watu jambo hili."

"Ndiyo, mama."

Aliinuka akarudi ndani kukaa na mtoto, nami nikabaki kwenye benchi. Nilijaribu kusali. Nilimwambia Mungu kwamba nilikosea kusema darasani kuwa hakuna anayechagua, kwamba kama yupo basi achague tena, achague vingine, na amwache huyu. Nilisema hivyo kwa sauti. Mlinzi aliyekuwa getini aligeuka kunitazama.

Damu ilipatikana. Baada ya siku kadhaa akaanza kutamka maneno, kwa uzito. Mkono wa kulia ulibaki umelala. Na siku aliyoweza kusema sentensi nzima, aliniuliza kama yule wa nyekundu na nyeupe yupo. Nikamwambia nitaenda kuangalia.

Sikumwambia mume wangu ninachokwenda kufanya. Nilipitia sokoni Igoma nikanunua mtama na uwele, gunia dogo, nikalipakia mtumbwini. Yeye alilitazama gunia, akanitazama mimi, akavuta kamba ya mashine. Mama yake alikuwa wodini na mtoto. Mawimbi yalikuwa makubwa siku ile, na tulikuwa tumeshafika katikati ya maji.

"Na kazi ya miaka yote?" aliniuliza, akipaza sauti juu ya mashine.

"Iharibike."

"Una hakika?"

"Sina hakika na kitu chochote. Endesha."

Nilimwaga mtama juu ya mawe yaliyo bapa, mahali pote palipokuwa pakavu. Nilikuwa naumwaga kwa mikono miwili, nakimbia na ndoo kutoka jiwe hadi jiwe, nimelowa, kilemba kimenidondoka, naita kama mtu anayeita kuku. Mume wangu alisimama akaniangalia, halafu akachukua chombo cha kuchotea maji mtumbwini, akaanza kunisaidia. Tukarudi nyuma tukakaa.

Walioshuka kwanza ni hua, sijui walitokea wapi. Kisha wenye midomo minene, ambao hawakuwa na shida ya mtama wangu, wakala na kusukumana. Nilingoja. Jua lilihama. Mwisho wakatokea wawili wenye midomo myembamba, wakitembea zaidi kuliko kuruka. Mmoja alikuwa na pete ya kijani na ya bluu. Mwingine hakuwa na pete. Wakala. Nililia nikiwatazama wanavyokula, mume wangu ameniwekea mkono mgongoni, na sikuthubutu kujongea hata kidogo wasije wakaogopa. Nyekundu na nyeupe hakuja.

Kwenye daftari, kwa mkono wangu, niliandika: Leo nimewapa mtama. Nimefanya mimi. Nikaandika na tarehe, ili yeyote atakayesoma ajue kwamba kuanzia mstari ule vipimo vyangu haviaminiki tena.

Nilifanikiwa kurudi mara moja tu kabla ya mvua kuisha. Mtama uliobaki ulikuwa umechipua juu ya mawe, michipukizi mirefu ya kijani isiyo na udongo, imeanza kuoza. Nilitega nyavu siku nzima. Niliowanasa walikuwa wachache, vidole vya mikono miwili vilitosha kuwahesabu, na kila mmoja alikuwa na mdomo mnene. Nilizunguka kisiwa nikiinamia kila ufa. Kijani na bluu nilimpata chini ya mkole, amekwisha kufa siku kadhaa. Nilikuwa nimechelewa kwao. Huenda hata ningewahi wangekufa tu, maana gunia moja si nyasi za kisiwa kizima. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sijapata jibu linaloniruhusu kulala vizuri.

Msimu wa kuzaa ulipokuja, wale waliobaki walijenga viota kwenye mikole. Mikole ilikuwa imezaa sana kwa sababu ya mvua. Nilipima makinda yalipokwisha kuota manyoya na midomo yao kukomaa. Yote yalikuwa na midomo minene, kasoro moja lililokuwa na mdomo wa kati. Kisiwa kizima kilikuwa kimegeuka ndani ya mwaka mmoja. Kama ungeshuka pale kwa mara ya kwanza ungedhani wamekuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia, wameumbwa kwa ajili ya kokwa, na kila kitu kiko mahali pake. Ungewasifu. Usingejua kwamba kulikuwa na wengine.

Nilirudi darasani muhula uliofuata, na siku ya somo lile ikafika. Niliandika kichwa cha habari ubaoni. Nikageuka, nikawaona arobaini na kitu wamenyanyua kalamu wananisubiri. Nikaanza kuwaeleza juu ya ndege, na nilipofika kwenye maneno "wasiofaa hufa kabla ya kuzaa" mdomo ukakataa. Nilisimama nimeshika chaki. Msichana wa mbele akauliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia asome mwenyewe kwa sauti kutoka kitabuni, nikaenda kukaa.

Binti yangu sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wake ni mkubwa na umelala, na anachoka haraka. Anameza dawa kila siku, na kila tunapokwenda kliniki daktari hutukumbusha kwamba lililotokea linaweza kujirudia. Mume wangu anataka mtoto mwingine. Hasemi, ila namwona anavyowabeba watoto wa majirani. Mimi naihesabu ile robo kila usiku na kila asubuhi, na najua kwamba haina kumbukumbu, haijui kwamba ilishatuchukulia mmoja na kumlemaza wa pili. Sijamjibu, kwa sababu hajauliza.

Hivi karibuni mama mkwe alipiga simu kutoka Mara. Ilikuwa mchana, nasahihisha madaftari sebuleni. Tukasalimiana. Akaniambia amekwenda kupima damu, yeye na wanawe wote walioko nyumbani, na aliwalazimisha.

"Wamesema mimi ninayo hiyo nusu," alisema. "Na wanangu wawili wanayo. Mmoja ana mchumba."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Nimemwambia mchungaji asifungishe ndoa ya kijana yeyote hapa bila cheti cha damu. Amekubali kutangaza." Akapumua kwenye simu. Nilisikia kuku nyuma yake. "Nilitaka kukuuliza jambo moja. Mambo haya ya nusu na nusu, uliyajua lini?"

"Chuoni."

"Kabla hujaolewa na mwanangu?"

Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaiweka chini.

"Kabla, mama. Nilishaanza kuyafundisha."

"Na hamkupima."

"Hatukupima."

Nilisikia tena kuku wake. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kila siku, "Mtoto amekula?"

"Amekula."

"Haya," alisema. "Mpe simu nimsikie."